Sherehe ya daraja, na benchi la James Bradley

Jumamosi nilimpeleka Mzee, jirani yangu, kwenye tamasha la RoeblingFest, sherehe ya daraja la Roebling, huko Covington, mji mdogo wa Kentucky unaotazamana na Cincinnati, jimbo la Ohio, ng'ambo ya Mto Ohio. Kutoka hapa Lexington ni kama kilomita 130 za barabara kuu ya I-75. Tangu mkewe aende kumsaidia binti yao aliyejifungua, Mzee anashinda ndani akiangalia mpira, nikaona heri apate hewa. Ni mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Nilipomwambia tunakwenda kwenye sherehe ya daraja, aliniangalia kidogo akauliza: "Daraja imefanya nini?"

Njia nzima nilikuwa najaribu kulijibu swali hilo. Nikamwambia daraja hilo, linalounganisha Covington na Cincinnati, lina umri wa zaidi ya miaka 150. Lilipofunguliwa kwa watembea kwa miguu Desemba 1866, watu 166,000 walilivuka kwa siku mbili. Mhandisi wake, John Roebling, ndiye baadaye aliyechora Brooklyn Bridge ya New York. Na kati ya mnara na mnara ni mita 322 bila nguzo hata moja majini, umbali ambao wakati ule hakuna daraja duniani lililokuwa nao. Mzee akaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu, akaendelea kuangalia mashamba ya farasi.

Tulipofika mitaa ya karibu na daraja ilikuwa imefungwa magari. Mahema, moshi wa nyama, bendi, watu na mbwa wao, na bia nyingi kwa saa ile ya mchana. Mitaa yenyewe ni ya matofali ya zamani, na tamasha linakaa vizuri pale kwa sababu hakuna aliyelazimika kujenga jukwaa la kupendezesha picha. Daraja linafanya kazi hiyo. Rangi yake ni ya buluu na minara yake ni ya mawe ya mchanga. Mawe hayo yalikuwa yameanza kumeguka vipande na kudondoka, likafungwa kwa magari mwaka 2021 ili minara ikarabatiwe, na magari yakarudi mwaka uliofuata. Nadhani ndiyo maana watu wa pale wanalipenda kwa wivu fulani, walionja kukaa bila hilo.

Tukapanda kulivuka. Sakafu ya njia ya magari ni wavu wa chuma, si lami, kwa hiyo kila gari linapopita matairi yanatoa mvumo mzito usiokatika, ukipanda na kushuka kulingana na mwendo. Ukichungulia kwenye matundu unaona maji ya kahawia yakienda zake huko chini. Mzee alisimama akashika ukingo. "Hii daraja inaimba," akasema. Wenyeji nao huliita hivyohivyo, daraja linaloimba, na alipolisikia hilo kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akipita alifurahi kuliko kwa takwimu zangu zote.

Kuna jambo moja la kuchekesha nililokuwa nimelisoma zamani, safari hii nikalishuhudia kwa macho. Ukifika upande wa Cincinnati, daraja halikutani na mtaa wowote mkubwa wa mjini, linaangukia katikati ya Vine na Walnut. Lilipangwa hivyo makusudi. Wenye mali wa Cincinnati waliogopa biashara itahamia Kentucky, wakaweka sharti lisinyooke na mitaa yao. Wenye meli za mvuke nao walikuwa na hofu ya kuzibiwa njia, ndiyo sababu likabidi liwe refu na la juu vile. Na upande wa Kentucky walikuwepo wamiliki wa watumwa, ambao hawakutaka kabisa njia kavu ya kufikia Ohio, jimbo lisilo na utumwa. Yaani kila mwenye nguvu alikuwa na sababu ya kutotaka watu wavuke kirahisi. Kilichowabadilisha ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Septemba 1862, jeshi la majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa lilipoukaribia mji wa Cincinnati, daraja la muda lilitandikwa juu ya majahazi ya makaa ya mawe, askari wakapita, na kila mtu akaona faida yake. Ujenzi uliokuwa umelala kwa ukosefu wa fedha ukafufuka mwaka uliofuata.

Haya yote utayasikia siku ya tamasha. Ila yanasimuliwa kama habari za mhandisi jasiri, chuma na mawe, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia. Kwenye ukuta wa kuzuia mafuriko, karibu kabisa na daraja, kuna michoro mikubwa ya historia ya mji, na mmoja ni wa familia ya Garner. Januari 1856 mto uliganda, na Margaret Garner akavuka barafu usiku kwa miguu na wanawe, kutoka Covington hadi Cincinnati. Walikamatwa. Alimuua binti yake mdogo kwa mkono wake ili asirudishwe utumwani. Ujenzi wa daraja ulianza Septemba ya mwaka huohuo. Nilisimama pale muda mrefu. Nyuma yangu watu walikuwa kwenye foleni ya kupiga picha na mchoro wa daraja.

Tukaendelea mashariki kando ya mto, Riverside Drive, kwenye sanamu za shaba. Yupo Mary B. Greene, nahodha mwanamke wa meli za mtoni, nikapiga naye picha. Kisha James Bradley, amekaa kwenye benchi akisoma kitabu, uso ukielekea Ohio. Alizaliwa Afrika, akaibwa akiwa mtoto wa miaka miwili au mitatu. Usiku, baada ya kazi ya bwana wake, alisuka maganda ya mahindi kutengeneza vishikio vya shingoni vya farasi, akauza, akaweka senti juu ya senti mpaka akajinunua. Baadaye alivuka akasoma Lane Seminary, chuo cha dini cha Cincinnati, na mwaka 1834 alisimama kuzungumza kwenye mijadala ya chuo hicho kuhusu kukomesha utumwa.

Mzee akakaa kando ya sanamu.

"Alilipa ngapi?"

"Kama dola 700."

Akafikiri. "Mie kuvuka ziwa nilitoa baiskeli. Mwenye boti alikataa pesa, akasema pesa ya Kongo atafanyia nini Kigoma. Baiskeli ilikuwa mpya."

Nikamuuliza kama inamuuma bado. Akasema hapana, kinachomuuma ni pampu, aliisahau juu ya baiskeli na ilikuwa ya kuazima kwa shemeji yake. Tulicheka mpaka kijana mmoja mwenye mbwa akageuka kutuangalia.

Katika muda wote tuliokaa pale hakuna mwingine aliyesimama kwenye benchi lile, ingawa ngoma za bendi zilitufikia vizuri. Simlaumu mtu aliyekuja kunywa bia na jua limewaka. Lakini kama sherehe ni ya uchukuzi na kuvuka, huyu ndiye mtu niliyetaka kumsikia akitajwa jukwaani.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye meza ya waandalizi nikauliza mambo mawili: mtu akitaka kuongoza ziara ya watoto kwa Kiswahili afanyeje, na kibali cha kuuza sambusa ni bei gani. Dada aliyekuwepo aliandika barua pepe yangu. Mzee anasema sambusa tusiuze chini ya dola mbili.