Umezihesabu?

Tangu Jumamosi neno moja tu lanizunguka kichwani, wala si tusi.

Nilikwenda Matondoni kumpelekea Ami biriani ya harusi (ndiyo, yule mdogo wangu kaolewa hatimaye, alhamdulillahi, picha nitaweka). Nilimkuta ndani ya mashua akipachika taruma, yaani ubavu wa mashua, gogo lililopinda lenyewe tangu mtini. Alijaribu, akalitoa, akalichonga kidogo kwa tezo, akajaribu tena. Vijana wake walikuwa wakibishana kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya Hawa. Mimi na umwalimu wangu nikajitia kati: sote tuna jozi 12, mbavu 24, mume kwa mke.

Ami hakuinua hata macho. "Umezihesabu?"

"Zimo vitabuni, Ami."

"Mimi mataruma ya chombo hiki nimeyahesabu. Nakuuliza zako, mwanangu."

Vijana wakaangua kicheko. Nami nikacheka, cha meno tu. Boti ilipokaribia gati la Lamu ndipo jibu la ile hoja ya Hawa likanijia: mtu aliyekatwa kidole mbona hazai watoto wasio na kidole! Sasa nimwambie nani, nahodha?

Usiku nikajifungia chumbani nikaanza. Ukishuka kwa kidole kutoka kwenye kishimo cha koo, utakuta kijituta kwenye mfupa wa kidari. Ubavu ulio ubavuni mwa kituta hicho ni wa pili. Wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, humpati, kwa hiyo hesabu huanzia mbili. Nikashuka: wa tatu, wa nne, wa tano. Baada ya wa saba nikapotea. Saba za juu kila moja ina gegedu lake linalofika kidarini, lakini wa nane, wa tisa na wa kumi hudandia gegedu la mwenzake wa juu, na kidole hakijui mmoja unaishia wapi. Zile mbili za mwisho hata mbele hazifiki, ncha zake zimeishia ndani ya nyama. Nilizitafuta kiunoni, nikagusa kitu, nikatekenyeka, nikaacha. Upande mmoja nilipata tisa. Miaka 14 nafundisha bayolojia, mbavu tisa!

"Umezihesabu?" Kila nikishika chaki namsikia.

Alhamisi nikarudi kufuata sufuria yangu. Ami alikuwa amekaa juu ya gogo, kikoi tu, kifua wazi, anapumzika. Nikasema leo nitazihesabu za kwake kwa macho, maana yeye nyama hana. Nilifika wa tano nikasimama. Kila akivuta pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa ikizama ndani, na mishipa ya shingo ikisimama kama kamba za tanga. Mtu aliyetulia haifanyi kazi hiyo shingo yake. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, mbavu hupanda kwa nje kama mkono wa ndoo unapouinua, hewa inaingia yenyewe.

Nikatazama saa. Dakika nzima. Pumzi 26. Mtu mzima aliyekaa kitako hupumua mara 12 hadi 20. Nikangoja amalize chai, nikahesabu upya. 25.

"Wanihesabu mbavu?" akaniuliza.

"Pumzi, Ami."

Akakohoa, mkono kaushika ubavu, kohoo refu la mtu aliyekula vumbi la mbao tangu utotoni. Nikamwambia Jumatatu tunakwenda hospitali. Akasema chombo kishuke majini kwanza. Nikasema Jumatatu. Akaokota tezo lake.

Nimezungumza na mwanawe wa Mombasa, anakuja Jumapili.

Sufuria nimeisahau huko huko. Halafu yule paka wetu wa kijivu hajaonekana tangu juzi, na jirani ameanika papa darini.