Kupima maji ya ardhini bonde zima: anza na alama kwenye mdomo wa kisima

Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kina cha maji ya visima kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Rekodi ndefu hivyo ni adimu sana katika nchi za tropiki. Uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo ulionyesha kwamba maji ya ardhini pale hayajazwi kila msimu wa mvua. Miaka inapita usawa ukishuka tu, halafu unakuja msimu wa mvua kubwa kupindukia, kama ule wa El Nino wa 1997/98, maji yanapanda mita kadhaa. Mradi wa miaka mitatu ungeona mteremko peke yake. Na kama vipimo vingesimama mwaka ule kwa kukosa mafuta ya gari, tukio lenyewe lingepotea.

Kwa hiyo swali la kwanza si loga (vifaa vinavyozamishwa kisimani na kurekodi usawa wa maji vyenyewe) ngapi zinunuliwe, bali ni nani atakuwa bado anapima mwaka wa kumi. Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka usimamizi wa maji ya bonde mikononi mwa bodi ya bonde. Programu iwe ya bodi, na iwe ndogo kiasi cha kubebwa na bajeti yake ya kawaida. Visima 15 vinavyopimwa kila mwezi bila kukosa vina thamani kuliko 60 vilivyopimwa mara mbili.

Kisima kizuri cha uangalizi hakipampuliwi maji. Mara nyingi ni kisima cha zamani kilichoachwa, lakini kabla ya kukikubali kijaribu. Pima kina cha maji, mimina ndoo ya lita 20 ya maji safi kwa mkupuo, kisha pima kila dakika. Kwenye bomba la inchi 4, ndoo hiyo inaweza kupandisha maji hadi kama mita 2.5. Yakirudi chini upesi, kisima kinapumua na mwamba, yaani maji yanapita kati yao bila kizuizi. Saa nzima ikipita yakiwa bado juu, huenda chujio (sehemu ya bomba yenye matundu ya kuingizia maji) limeziba kwa matope, na utakuwa unapima maji ya kwenye bomba, si ya ardhini. Pima pia kina cha kisima chenyewe mpaka chini na ulinganishe na taarifa ya uchimbaji. Mawe ya watoto na mchanga hula mita nyingi.

Kama unachimba kipya, bomba la PVC la inchi 2 linatosha: chujio kwenye tabaka unalolifuata tu, kokoto ndogo kulizunguka, bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa na kuziba) juu yake, kisha saruji hadi usawa wa ardhi ili maji ya mvua yasipenye kando ya bomba. Mfuniko uwe na kufuli. Toboa tundu dogo chini ya mfuniko hewa ipite, ulifunike kwa wavu, la sivyo nyigu watajenga humo.

Sasa alama. Chagua sehemu moja ya mdomo wa bomba, ikate kwa msumeno na uipake rangi. Kila kipimo, cha mtu yeyote, kianzie hapo. Bomba likisimama sentimita 65 juu ya ardhi, na mpimaji mmoja akaanzia mdomoni huku mwenzake akianzia ardhini, grafu itaonyesha maji yakiruka sentimita 65 kila wanapopokezana zamu. Mwinuko wa alama upimwe na mpima ardhi. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na kwa mwinuko huo huwezi kusema maji yanaelekea wapi. Andika pia mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha kisima kiko wapi kwenye ramani. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki ni za Arc 1960, GPS inatoa WGS84, na tofauti yake ni kama mita 300. Bonde la Wami/Ruvu lina mtego wa ziada: Dodoma iko kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda), Morogoro iko ya 37.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Shusha tepu ya umeme (utepe wa kupimia unaolia ncha yake ikigusa maji) mpaka ilie, ishike kwenye alama, soma, ivute juu kidogo, rudia. Visomo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 1, pima tena. Maji yanayotiririka ukutani mwa bomba huliza tepu kabla ya wakati. Andika saa, na uandike kama pampu ya jirani inafanya kazi.

Loga ndizo zinazopoteza data nyingi, na kila mara kosa ni lilelile. Loga isiyo na mrija wa hewa unaofika juu ya kisima hupima maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu yake. Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mgandamizo wa hewa hiyo ni karibu hektopaskali 890, sawa na mita 9.08 za maji. Loga ikisoma mita 12.40, juu yake kuna mita 3.32 za maji. Ukiondoa mita 10.33 za usawa wa bahari umekosea kwa mita 1.25. Wala usitumie namba moja mwaka mzima: kwenye tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikifika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Usipoirekebisha utaona maji "yakicheza" sentimita mbili tatu kila siku. Weka loga ya hewa kwenye kisima kimojawapo, juu ya maji, isome saa zilezile za wenzake.

Loga ya majini ining'inize kwa waya wa chuma cha pua. Kamba ya nailoni hurefuka. Iwe chini ya usawa wa kiangazi kibaya kabisa, lakini uache nafasi ya juu: loga yenye uwezo wa kupima mita 10 za maji ikizamishwa mita 9, mwaka wa mvua kubwa utaizidi uwezo, na huo ndio mwaka uliokuwa ukiusubiri. Kila unapoipakua, pima pia kwa tepu. Bila kisomo cha mkono huwezi kujua kama kilichohama ni maji au ni kifaa.

Kitu kinachosahaulika ni kiasi kinachopampuliwa. Maji yakishuka, bila takwimu za pampu huwezi kutenganisha ukame na uvutaji. Pasipo na mita, saa za pampu zinatosha: mita za ujazo 40 kwa saa, saa 16, ni 640 kwa siku. Mwendesha pampu aziandike kwenye daftari, na daftari lipigwe picha kila mwezi, siku ileile visima vinapopimwa.