Udi ulikuwa unaachia nyuzi kila saa, nilivyoutibu

Udi wangu (ule wa muziki, si wa kufukiza) una nyuzi 11 na mwezi mzima sijamaliza wimbo bila uzi kulegea. Niko Unguja, masika yalivyoisha mbao zikakauka, vile vijiti vya kukazia nyuzi vikawa vinateleza tu kwenye matundu. Mwanzo nikavigongomea kwa nguvu, ujinga mtupu, kidogo nipasue kichwa cha udi.

Baadae nikatoa kijiti kimoja kimoja (usilegeze nyuzi zote kwa mpigo jamani) nikakuta kimeng'aa sehemu mbili, pale pale kinapogusana na tundu. Nikafuta na kitambaa kikavu, nikapaka sabuni ya mche iliyokauka, kikazunguka laini ila ndo kikateleza zaidi, nikaongeza chaki ya ubaoni juu yake, hapo kikashika. Kumbe kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe, uzi nilikuwa nauzungushia katikati ya kijiti, sasa nausogeza mpaka uegemee ukuta wa kichwa cha udi, upande wa mshikio wa kijiti, basi uzi wenyewe unakivuta kijiti kiingie ndani. Saa hizi natyuni mara moja tu jioni, napiga mpaka vidole viume. Bado ule wa besi tu, huo mkaidi.