Ubao wa saipresi

Siku ya tatu ya kunoa, ncha za vidole vyangu zilikuwa zimechubuka kwa kinoo. Nilikuwa na miaka 22, nikijifunza useremala katika karakana moja Nakuru, upande wa Shabab. Mzee aliyetufundisha kazi alikuwa amenikabidhi randa ya Kijapani, kanna, aliyoachiwa zamani na mgeni mmoja. Gogo lake ni la mwaloni na halina skrubu hata moja. Kisu kinabanwa na mifereji miwili ya pembeni, unakiteremsha kwa kukigonga nyundo kidogo kidogo. Na sisi tuliozoea kusukuma randa, hii unaivuta kuja kifuani.

Nilitaka maranda membamba. Nilikuwa nimesikia kwamba Japani mafundi hushindana kuyatoa, mengine yasiyofika unene wa maikroni 10, yaani sehemu 10 za elfu za milimita, ilhali unywele wa mtu hukaribia 70. Mimi nilikuwa napata unga. Nilianza na kipande cha mahogani kwa sababu ndiyo mbao niliyoiheshimu kuliko zote. Nyuzi zake zinapishana, kila nikivuta zinang'oka. Nikaenda kwenye mgrivilea, ukachanika kwenye ile mistari yake ya kung'aa. Mkaratusi mkavu ulinilia makali ya kisu. Kila mara nikarudi kwenye kinoo, nikiamini kosa ni la mkono wangu.

Mzee alikuja mchana, akaangalia kisu kwenye mwanga, akakijaribu kwenye nywele za mkono wake.

"Umenoa vya kutosha," akasema. "Sasa tafuta mbao."

Tulitoka nje. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha, na lori lilikuwa limeshusha saipresi kutoka Elburgon, bado mbichi, harufu yake imejaa ua mzima. Hakutazama uso wa mbao hata kidogo. Aliinama kwenye vichwa vyake, moja baada ya nyingine, akisoma pete za ukuaji wa mti. Zilizoachana sana alizipita. Zenye macho ya matawi alizipita. Akasimama kwenye ubao ambao pete zake zilikuwa zimebanana na kusimama wima kuelekea uso, akapitisha kidole ubavuni kuona nyuzi zinapanda upande gani.

"Hizi hazigombani," akasema. "Na zina maji, zitakubali."

Nilishangaa, maana tangu nianze kazi nilikuwa nikifundishwa kuikimbia mbao mbichi. Kwa kabati bado naikimbia. Baadaye nilijifunza kwamba Wajapani hupenda hinoki kwa mashindano hayo, nayo ni ya jamii moja na saipresi yetu: laini, nyuzi zake zimenyooka.

Alinipasulia kipande chembamba, upana wa vidole vitatu. Nikakifunga kwenye meza, nikagonga kisu mara mbili, nikapiga hatua nyuma huku navuta.

Haikutoa sauti ya kukwaruza, ila mvumo mmoja mrefu. Randa ilitema kitu kama utando, urefu wa ubao wote, kikaelea kabla ya kutua. Mzee alikitandaza juu ya gazeti la jana akaniambia nisome. Nikasoma mistari mitatu kupitia mbao. Uso wa ubao ulikuwa unang'aa, na hakuna msasa uliougusa.

Jioni, wenzangu walipoanza kukusanya vipande vya kuwashia jiko, niliufunga ubao ule kwa gunia lililoloweshwa nikaulaza chini ya meza yangu.