Chupa mbili za esta

"Mama, k ya kwenda nimepewa, k ya kurudi nimepewa. Nagawanya ipi kwa ipi?"

Ni kifungua mimba wangu huyo, juzi usiku, peni mdomoni, mock inabisha hodi. Hiyo k ni namba inayoeleza wepesi wa mmenyuko wa kemikali, wa kwenda au wa kurudi. Nikamwambia ya kwenda igawanye kwa ya kurudi. Akabonyeza kikokotoo, 0.0643 kwa 0.00116, akapata 55 na ushee. Akaandika jibu, akalipigia mstari, akahamia swali linalofuata. Baba yake hakutoa macho kwenye taarifa ya habari. Mimi nilishaondoka pale mezani. Nilikuwa maabara, na puani nilikuwa na harufu ya esta.

Harufu hiyo wengi wenu mnaijua. Fungua kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile isiyo na asetoni: utamu mkali unaopanda hadi kwenye paji la uso. Mara nyingi hiyo ni etili asetati, mojawapo ya esta. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya Kidato cha Tano, PCB (fizikia, kemia na biolojia), baridi ya nyanda za juu, sweta juu ya sweta, na mwalimu wetu wa kemia akiwa amesimama kati ya meza mbili bila kuandika neno ubaoni.

Hilo la kutoandika lilitutia wasiwasi. Wenzetu wa shule nyingine walituandikia barua wakati wa likizo wakijisifu kwamba mada ya msawazo, yaani mmenyuko unaokwenda na kurudi mpaka kiasi hakibadiliki tena, wameshaimaliza, fomyula zote wanazo, maswali ya mitihani iliyopita wameyamaliza. Sisi tulikuwa na chupa mbili.

Chupa A tulitia asidi ya siki safi, ile inayochoma kidole, pamoja na ethanoli (kileo), moli kwa moli, yaani idadi sawa ya molekuli. Hivyo viwili vikimenyuka vinatoa esta na maji. Chupa B tulitia esta na maji, nayo moli kwa moli, kwa kiasi kilekile. Kila chupa ikapata matone sawa ya asidi haidrokloriki iwe kichocheo. Tukaziba kwa vizibo vilivyopakwa grisi, tukabandika majina, zikawekwa stoo. Chupa A ilionekana kama maji tu. Chupa B ilikuwa na matabaka mawili, esta juu na maji chini, na kati yao mstari uliokuwa wazi kabisa, maana esta na maji hazichanganyiki vizuri. Tulipangiana zamu za kwenda kuitikisa. Ukiitikisa inakuwa ukungu, ukiiacha kidogo mstari unarudi.

Kisha ikaja likizo fupi, tukaenda makwetu. Hayo ya likizo nayaruka.

Tuliporudi, Dokta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia stoo. Dokta ni mwenzangu wa dawati, nimeshamtaja hapa mara nyingi. Akatoka na chupa B ameiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mstari haukuwepo. Akaitikisa, akangoja, haukurudi. Kimiminika kimoja, angavu, juu hadi chini. Mwalimu akaipokea, akaiangalia kwa muda, akasema, "Haya, sasa tuiulize."

Tulivyoiuliza ni hivi. Unavuta kwa pipeti kiasi kidogo kutoka chupani, unakimwaga kwenye maji baridi sana ili mmenyuko uzubae, unatia matone mawili ya fenofthaleini, kiashiria cha rangi, kisha unafungulia bureti (mrija wenye vipimo na koki) yenye sodiamu haidroksaidi, tone baada ya tone. Sodiamu haidroksaidi inakula asidi iliyomo. Asidi ikiisha, rangi ya waridi inatokea. Ukijua umetumia kiasi gani, ukatoa sehemu iliyoliwa na kile kichocheo, unajua asidi ya siki iliyobaki chupani ni kiasi gani.

Mimi nilikuwa kwenye bureti ya chupa A, Dokta kwenye bureti ya chupa B, meza kwa meza, migongo imegusana. Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa ya koni juu ya karatasi nyeupe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Tone linaanguka, linafanya doa la waridi, doa linazunguka mara moja na kuyeyuka. Tone jingine, doa jingine, sasa linachelewa kuondoka. Darasa zima lilikuwa kimya, nasikia kioo tu kikigusa kioo. Nikafungua koki kidogo mno, tone likaning'inia mdomoni mwa bureti bila kudondoka, nikalisukuma ukutani mwa chupa ya koni na kulisuuza kwa maji. Waridi. Hafifu, lakini chupa nzima.

Nyuma yangu Dokta akasema, "Imekuja," na papo hapo, "Mwalimu, inaondoka!"

Kweli, waridi lake lilikuwa linafifia, na langu pia, taratibu, mpaka kikabaki kimiminika kisicho na rangi. Dokta alidhani ameona mmenyuko ukirudi mbele ya macho yake. Mwalimu akamwambia hapana, huo ni mwingine: sodiamu haidroksaidi ikizidi kidogo inaanza kula esta yenyewe, na huo ukienda haurudi. "Soma pale waridi lilipokuja mara ya kwanza likakaa. Yanayofuata si hesabu yetu ya leo." Tukasoma, tukarudia, tukasoma tena.

Kisha akatuambia tutaje namba kwa zamu, meza A, meza B. Zilikuwa sawa. Nasema sawa kwa maana ya maabara, tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa tone. Chupa iliyoanza na asidi na ethanoli pekee, na chupa iliyoanza bila chembe ya asidi ya siki, zote mbili zilikuwa na asidi ya siki kiasi kilekile, karibu theluthi ya moli za mwanzo. Nakumbuka nikigeuka kuiangalia bureti ya Dokta kwa macho yangu, niuone mstari wa kimiminika umekaa wapi. Ulikaa palepale uliokaa wangu.

Hapo ndipo chaki ilipotoka mfukoni. Kasi ya kwenda, akaandika, ni k ya kwenda mara kiasi cha asidi mara kiasi cha ethanoli. Kasi ya kurudi ni k ya kurudi mara esta mara maji. Ikiwa kiasi hakibadiliki tena, basi kasi hizo mbili zimelingana. Zilinganishe, hamisha, na k ya kwenda ukiigawanya kwa k ya kurudi unapata esta mara maji, chini yake asidi mara ethanoli. Akaweka namba zetu: theluthi mbili mara theluthi mbili juu, theluthi moja mara theluthi moja chini. Nne. Zetu zenyewe zilikuja karibu na nne, kwa sababu kichocheo nacho kilibeba maji yake na alitulazimisha kuyahesabu.

Hatukuwa tumepima kasi hata moja. Hatukuwa na saa ya kuhesabia sekunde wala jedwali la muda, na katikati tulikwenda zetu likizo. Bado tulijua kwamba k ya kwenda ni mara nne ya k ya kurudi. Nilipoliona hilo nilipata msisimko ambao hadi leo sijui niupe jina gani.

Baadaye nilijifunza kwamba chupa zile zina ukoo. Berthelot na Péan de Saint-Gilles walizifanyia kazi esta kule Ufaransa na kuchapisha mwaka 1862, na namba zao ndizo zilizowasaidia Wanorwei wawili, Guldberg na Waage, kuijenga kanuni yao mwaka 1864. Hata zile namba za mwanangu zina mwenyewe. Ni za haidrojeni na ayodini zikitengeneza haidrojeni ayodaidi, kazi ya Mjerumani Max Bodenstein, miaka ya 1890. Kwenye joto la kelvini 700 uwiano ni kama 55. Ipandishe hadi 781, k ya kwenda inakuwa 1.34 na ya kurudi 0.0395, uwiano unashuka hadi 34 hivi. Zote mbili zimeongezeka kasi, ya kwenda kama mara 21, ya kurudi mara 34. Mmenyuko ule unatoa joto, kwa hiyo ukiuongezea joto, wa kurudi ndio unaofaidika zaidi. Ningependa mwanangu akae na jambo hilo walau kwa dakika tano. Lakini fomyula moja na kikokotoo vinampa maksi zote, na mtihani wa taifa haumngoji mtu aliyekaa akatafakari. Sijaamua kama nimsumbue.

Nirudi darasani, maana jambo lenyewe sijalisema. Mwalimu alipomaliza kuandika ile nne, Dokta alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, tunajuaje kwamba bado inaendelea? Labda zote mbili zimefika pale zikasimama. Kasi sifuri na kasi sifuri nazo zinalingana."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliangalia ubao, akaziangalia chupa mbili, na akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba kicheko kilikwisha chenyewe. Akasema, "Kwa chupa hizi, hatujui. Chupa hizi zinatuambia kwamba njia ipo ya kwenda na ya kurudi, na kwamba zinakutana mahali pamoja. Kwamba bado zinatembea, hilo hamjaliona leo, na mimi siwezi kuwaambia mmeliona." Akafuta ubao. Kengele ikalia.

Sijawahi kumsikia mwalimu mwingine akisema hivyo mbele ya wanafunzi. Wote walionifundisha baada yake, na wapo niliowaheshimu sana, wangetamka tu kwamba msawazo huu ni hai na kuendelea na ukurasa.

Jibu lipo, na nililikuta chuoni mwaka wa pili. Unaiacha chupa itulie kabisa, kisha sehemu ndogo ya ethanoli iliyomo unaibadilisha kwa ethanoli iliyotiwa alama, yenye kaboni 14 inayotoa mionzi. Kiasi cha kila kitu hakiguswi. Ungoje. Alama unaikuta ndani ya esta. Imefika humo kwa sababu molekuli bado zinabadilishana ilhali jumla haisogei. Atomu zenye alama kwenye esta hazikuwa jambo geni hata kidogo: Roberts na Urey, Marekani, walitumia oksijeni nzito mwaka 1938 kutafuta oksijeni ya maji inatoka upande gani wakati esta inapotengenezwa.

Kwa hiyo mwalimu wetu angeweza kulitoa jibu. Dokta anaamini alikuwa nalo na alilizuia makusudi ili sisi tulitafute, na anasema ndiyo sababu yeye Dokta alichagua maabara badala ya wodi. Mimi naona tofauti. Nadhani, alikuwa nalo au hakuwa nalo, siku ile alitaka jibu litoke chupani, na chupa hazikuwa nalo. Tumebishana juu ya hili kwa simu, harusini, na msibani mara moja, kwa sauti ya chini. Kila mmoja ana ushahidi wake kutoka vipindi vingine vya mwalimu yuleyule, na wa mwenzangu si mdogo: kuna siku alimrudishia daftari na swali limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu, bila jibu, na chini yake neno moja tu, "Maktaba."