Jinsi nilivyopata vigezo vya kumpima mwalimu wa michezo akiwa uwanjani

Fomu ya kuwapima wanachuo wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, hapa chuoni kwetu ilikuwa moja kwa masomo yote. Historia, Hisabati, Kiswahili, Michezo: mkufunzi anashika karatasi ileile, anatia alama kwenye andalio la somo, utangulizi, matumizi ya ubao, zana, sauti na unadhifu wa mwalimu. Ndani ya darasa inasaidia. Lakini mpeleke mwanachuo kwenye uwanja wa vumbi, watoto 80 mbele yake na jua la saa tano utosini, na fomu hiyo haioni karibu lolote la maana. Haiulizi watoto wangapi walikimbia, wala nani alikaa chini ya mti kipindi kizima na kwa sababu gani.

Mimi ni mkufunzi wa michezo na afya katika chuo cha ualimu cha kanda ya kati. Jambo hili liliniuma kwa muda mrefu, maana wanachuo wangu walikuwa wanafaulu vizuri kwa karatasi na bado nilijua baadhi yao hawawezi kuongoza kipindi cha michezo. Tangu 2024, mtaala mpya wa msingi ulipoanza kutumika na somo la Sanaa na Michezo likawa na nafasi yake kwenye ratiba, niliona siwezi kuendelea kungoja mtu mwingine aitengeneze fomu hiyo.

Nilianza kwa kuangalia tu. Kuna mbinu ya kuchunguza vipindi vya michezo inayoitwa SOFIT, iliyochapishwa Marekani mwaka 1991 na Thom McKenzie na wenzake. Unamchagua mtoto mmoja, unamtazama kwa sekunde 10, kisha kwa sekunde 10 zinazofuata unaandika alikuwa katika hali gani: amelala, amekaa, amesimama, anatembea, au anajituma kuliko kutembea. Baada ya dakika chache unahamia kwa mtoto mwingine. Haihitaji mashine yoyote. Nilikuwa na simu yenye saa, kalamu na karatasi niliyoichora mistari mwenyewe.

Karatasi zile zilisema jambo moja kila shule niliyokwenda: amesimama, amesimama, amesimama. Mwanachuo anapanga mistari miwili, mtoto wa mbele anadunda mpira hadi kwenye jiwe na kurudi, anampa mwenzake, anarudi nyuma ya foleni. Kwa watoto 40 kila mstari, hesabu yake unaijua. Kipindi cha dakika 40 kinapita na mtoto amesogea dakika chache mno. Na ukiisoma ile fomu ya chuo, mwanachuo huyo anapata alama za juu: mistari imenyooka, watoto wametulia, sauti inasikika.

Hapo ndipo nilipojua kigezo changu cha kwanza kitakuwa nini. Wataalamu wa Marekani wanapendekeza kwamba angalau nusu ya muda wa kipindi cha michezo mtoto awe katika mwendo wa wastani au wa nguvu. Kwetu ni dakika 20. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa hiyo 20 za shuleni si nyingi kiasi hicho. Niliandika: "Watoto wengi wako katika mwendo kwa nusu ya kipindi au zaidi." Wanachuo walipinga mara moja. "Madam, mipira ni miwili!" Walikuwa na haki ya kuuliza, na jibu langu halikuweza kuwa maneno. Tulitoka nje.

Tukaanza na rede. Kila msichana aliyekulia Tanzania anaijua: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira ni wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba. Gawa watoto 80 kwenye vikundi vya watanowatano, wale wawili wanaobaki katika kila kikundi wape kazi ya kukimbilia mipira iliyopotea kisha wabadilishane zamu, na uwanja mzima unahema. Tukafanya na nage, kuruka kamba, na mbio za kupokezana kijiti zenye watoto wanne tu kila timu. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni. Nawaambia wanachuo wangu waziwazi kwamba foleni ndefu ni uamuzi wa mwalimu, kwa sababu uwanja uleule na mipira ileile vinaweza kutumika kwa namna nyingine.

Kabla ya kuandika vigezo vingine nilisoma vya wenzetu. SHAPE America, chama cha walimu wa afya na elimu ya viungo cha Marekani, kilitoa mwaka 2017 viwango sita vya kumwandaa mwalimu mpya wa elimu ya viungo: maarifa ya somo, umahiri wa mwalimu mwenyewe katika mwendo na siha yake, kupanga, kufundisha na kuongoza darasa, kupima ujifunzaji, na wajibu wa kitaaluma. Walimu wa afya wana viwango vyao, vya 2018. Nilisoma pia mkataba wa UNESCO wa 1978 uliohuishwa 2015, unaosema elimu ya viungo na michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Kila mtu. Neno hilo lilinifanya nirudie kigezo cha pili cha Wamarekani mara nyingi, kile kinachotaka mwalimu aweze kuonyesha stadi yeye mwenyewe.

Nilikuwa na mwanachuo mwenye ulemavu wa mguu. Viwango vile vya SHAPE vyenyewe vinaruhusu marekebisho kwa mtahiniwa mwenye ulemavu, lakini hapa kwetu kulikuwa na mkufunzi aliyemshauri kijana huyo ahamie somo jingine. Sikukubaliana naye na nilimwambia. Kijana yule anajua kumwona mtoto anayetua vibaya anaporuka kuliko wanachuo wengi wenye miguu miwili mizima, na anajua kumwita mtoto mwenye kipaji aje aonyeshe mbele ya wenzake. Basi kigezo niliandika hivi: "Watoto wameiona stadi ikionyeshwa kwa usahihi, na mwalimu, mtoto au picha, kabla ya kuijaribu." Kinampima mwalimu kwa kile ambacho mtoto amepata.

Upande wa afya ulinichukua muda zaidi, na naamini ndio muhimu kuliko wote. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, duniani. Mtoto wa namna hiyo akikimbizwa juani bila maji wala mapumziko anaweza kuamsha maumivu yatakayomlaza hospitali. Kuna mwenye pumu. Kuna mwenye kifafa. Kuna aliyekuja bila kunywa hata uji. Kuna msichana aliye kwenye hedhi ambaye hatasema neno mbele ya wavulana, anasema tu "naumwa tumbo" na kuandikwa mvivu. Kwa hiyo mwanachuo wangu haendi uwanjani kabla hajazungumza na mwalimu wa darasa, na anajua majina ya watoto wa kuangaliwa bila kuyatangaza. Mtoto mwenye selimundu hakai nje ya mchezo: anacheza kwa kasi yake, anapumzika akitaka, na maji yapo karibu. Na mtoto akitoka damu puani, mwalimu anamketisha, anamwinamisha mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 au zaidi. Bado tunawaona watu wazima wakiwainua watoto vichwa juu, damu inashuka kooni.

Sasa kazi ngumu kweli: kuwafanya wengine waitumie fomu hiyo. Wakati wa BTP wakufunzi tunagawana shule, na mwanachuo wa michezo anaweza kupimwa na mkufunzi wa Jiografia ambaye hajashika filimbi maishani mwake. Nilimwomba mwenzangu mmoja wa Jiografia twende pamoja, tuangalie kipindi kimoja, kila mtu ajaze peke yake, halafu tulinganishe. Tulitofautiana karibu kila mstari. Mahali nilipokuwa nimeandika "Mwalimu anazingatia usalama", mimi nilitoa alama ndogo, yeye alitoa kubwa, kwa sababu aliona mwanachuo anawaambia watoto "jihadharini". Hakuona chupa iliyovunjika karibu na goli. Tulikaa chini ya mwembe pale shuleni tukaiandika upya: "Kabla ya kuanza, mwalimu ametembea uwanjani na kuondoa mawe, vigae na miiba." Hilo yeyote anaweza kuliona. Tukafanya hivyo kwa kila mstari, shule moja baada ya nyingine, hadi tukawa tunapishana kwenye mambo madogo tu. Maneno yote kama "ipasavyo", "vizuri" na "kwa ufanisi" yalikufa njiani, na sikuyalilia.

Nilipoipeleka kwa mkuu wa taaluma, yeye aliuliza swali la haki: ataiingizaje kwenye alama wakati fomu rasmi ipo? Tulikubaliana iwe kiambatisho. Mwanachuo anapimwa kwa fomu ya kawaida kama wote, na ukurasa wangu unaambatanishwa na kujadiliwa naye siku hiyohiyo, kabla hajasahau. Nilitaka zaidi ya hapo na nimesema hivyo kwenye kikao. Lakini mazungumzo ya siku ileile yamefanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwanachuo anaona kwa macho yake karatasi ya sekunde: mtoto huyu, dakika hizi, amesimama. Wengi wanaomba nirudi kuwaona tena kabla BTP haijaisha.

Kizuizi kilichobaki hakiko uwanjani. Darasa la Nne lina mtihani wa taifa, na ukikaribia, kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa Hisabati. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia, "Madam, mimi naulizwa ufaulu, siulizwi mbio." Namwelewa. Hata hivyo nimeongeza mstari wa mwisho kwenye ukurasa ule: vipindi vilivyopangwa, vipindi vilivyofanyika, na sababu ya tofauti. Mwanachuo anaujaza, mwalimu mkuu anasaini, na nakala naiwasilisha kwa mkuu wa chuo pamoja na matokeo ya BTP.