Siku mjomba aliponiambia nipite tena

Mjomba wangu ni mchora katuni, na sijawahi kumuona akiikasirikia kazi kama alivyoikasirikia ile picha ya baiskeli. Ilikuwa ya gazeti la watoto, ukurasa mzima, bila neno hata moja, mtoto anaendesha baiskeli katikati ya msitu na msomaji anatakiwa aione furaha yake bila kuambiwa. Ukiisikia hivyo inaonekana kazi ya asubuhi moja. Mi nilikuwa likizo nimefikia kwake, kila nikiamka nakuta karatasi zimekunjwakunjwa chini ya meza na yeye ameinamia nyingine, chai imepoa pembeni.

Na picha zenyewe zilikuwa nzuri, niseme ukweli. Mtoto ana tabasamu mpaka masikioni, miti imepangika, kuna ndege, kuna jua kwenye kona, magurudumu yamechorwa spoku mojamoja kwa rula. Siku hiyo akanisogezea moja akaniuliza, "Mjomba, huyu anakwenda?" Nikaangalia nikamwambia anakwenda, si unaona anavyofurahi. Akatikisa kichwa. "Anafurahi lakini kasimama. Mwondolee hiyo baiskeli umkalishe kwenye kochi, anabaki yuleyule." Nikaangalia tena na kweli bana, yule mtoto angeweza kuwa amekaa anasikiliza redio. Akafunika kalamu ya wino akasema kesho asubuhi tunatoka, andaa baiskeli zote mbili, tia upepo.

Kupanda sitaki kueleza sana, kila aliyewahi kupanda mlima na baiskeli anajua, unakanyaga, unahema, unashuka unakokota, unajipa moyo kwamba kile kilima ndo cha mwisho kumbe nyuma yake kuna kingine. Ila ukifika juu njia inaingia msituni na hapo baridi inakupokea ghafla, jasho linakukauka mgongoni, unasikia majani makavu yanavunjika chini ya tairi, afu baada ya mwendo mrefu wa tambarare kuna mteremko mmoja mrefu sana, unakata kona kushoto katikati ya miti, halafu unafunguka kwenye uwanda wa nyasi.

Mjomba alitangulia. Ni mtu mzima, ana mvi, anavaa miwani ya kusomea imening'inia shingoni kwa kamba, na huyohuyo nikamuona kwa macho yangu anatoa miguu yote miwili kwenye pedeli, anaitawanya pembeni, anapiga ukelele, shati limejaa upepo kama tanga. Nami nikaachia breki. Nakumbuka friwili ikilia tikitikitiki haraka mpaka ikawa mlio mmoja, mabaka ya jua yakipita juu ya mikono yangu, giza, mwanga, giza, mwanga, upepo unaingia kwenye mkono wa shati unatokea kwenye kola, machozi yananitoka sababu ya kasi, na harufu inabadilika, ule unyevu wa msituni unakatika palepale inaanza harufu ya nyasi zilizopigwa jua. Kwenye kona nikalala na baiskeli bila hata kufikiria, mwili wenyewe unajua, usipolala unatoka nje ya njia. Roho yangu ilikuwa kwatu, sina namna nyingine ya kusema.

Nilipofika chini mjomba alikuwa keshashuka, baiskeli kailaza kwenye nyasi, daftari la kuchorea liko kwenye goti. Hakuniambia pole wala karibu. "Usifikiri, mjomba. Umeona nini?"

Nikamtajia hayo niliyoyasema hapo juu, mabaka ya jua, upepo kwenye mkono wa shati, harufu.

"Baiskeli umeiona?"

Nikashangaa. Nilikuwa juu yake muda wote lakini kwa kweli sikuwa nimeiona, zaidi ya usukani kidogo.

"Na uso wako je?"

"Mjomba, nitauonaje uso wangu?"

"Sasa mi nilikuwa nahangaika na tabasamu la nini?"

Alisema hivyo bila kucheka, kama mtu aliyeona msumari uliokuwa unamtoboa siku zote. Akageuza ukurasa, akachora mtoto kwa nyuma. Mgongo, shati limevimba, visigino viwili vimetokeza huku na huku, basi. Hana uso kabisa. Nikaitazama ile mistari michache nikacheka peke yangu kwa furaha, maana yule alikuwa anakwenda.

Lakini gurudumu lilikuwa bado linamsumbua. Akalala kifudifudi kwenye nyasi kando ya njia, macho yake usawa wa habu ya gurudumu, akaniambia nirudi juu kidogo nimpite. Nikampita. "Pita tena, mjomba." Nikapita tena. Sikujua anatafuta nini, nikawa napanda nashuka, napanda nashuka, mpaka akaninyooshea mkono nisimame, akaniambia tubadilishane, nilale mimi apite yeye, niangalie gurudumu la mbele tu.

Jamani, hiki kitu sikuwahi kukiona maishani na baiskeli nimekua nayo. Spoku za chini, zile za karibu na ardhi, zilikuwa zinaonekana vizuri, mojamoja, unaweza hata kuzifuata kwa macho, na spoku za juu zimeyeyuka zote zimekuwa ukungu. Gurudumu lilelile, wakati uleule! Akanieleza kwamba gurudumu linapobiringika bila kuteleza, pale linapogusa ardhi panakuwa pametulia kwa kitambo kidogo sana, wakati ukingo wake wa juu kabisa unakwenda mbele kwa mwendo mara 2 ya baiskeli yenyewe, ndo maana jicho linazipata za chini na kuzikosa za juu. Ye kwenye picha zake alikuwa anachora zote sawasawa kwa rula, na spoku zinazoonekana sawasawa ni za baiskeli iliyoegeshwa. Akafuta, akabakiza vistari vichache chini, juu akapaka kivuli chepesi kwa ubavu wa penseli. Lile gurudumu likaanza kuzunguka pale kwenye karatasi, nasema nilichokiona.

Kulikuwa na mzizi uliokatiza njia, kila nikiupita gurudumu la mbele linaruka kidogo, na mjomba akaona kwamba lile likiruka kivuli chake kinabaki chini, kunakuwa na mwanya kati ya tairi na kivuli. Mwanya mdogo tu. Kwenye picha ukiuacha ule mwanya mtu anaelewa baiskeli iko hewani, hahitaji kuambiwa. Wachora katuni wanautumia mno ujanja huu, angalia katuni yoyote ya mtu anayeruka utaukuta, ila mi ndo mara ya kwanza nauona unapotoka, kwamba hawakuutunga mezani.

Tulibishana kitu kimoja. Alikuwa ameuchora ule mteremko umesimama karibu kama ukuta, na miti ya pande zote mbili imejipinda kwa nje inampisha mtoto apite. Nikamwambia mjomba, mlima hauko hivyo. Nikamtolea simu, nilikuwa nimempiga picha akishuka. Tukaiangalia wote. Njia ilionekana tambarare, miti imesimama wima, na mjomba anaonekana mtu aliyekaa juu ya baiskeli isiyokwenda popote, spoku zote zimeganda. Akaniuliza taratibu, "Ulipokuwa unashuka, ulikuwa kama hii ya simu au kama hii yangu?" Nikakubali ilikuwa kama yake. Tumbo langu lilijua mlima una urefu gani. Mpaka leo mi nasimamia hapo, katuni inaruhusiwa kuongeza chumvi palepale ambapo mwili wenyewe uliongeza, na mtu akisema katuni ni mchezo wa watoto namwambia akashuke mlima kwanza.

Jioni akanishushia vitabu vyake vya michoro, vile vizito ambavyo huwa hagusi mtu. Alitaka nione walioteseka na jambo hilihili kabla yake. Akaanza na bango la Toulouse-Lautrec, mchoraji wa Ufaransa, la 1896, tangazo la cheni za baiskeli, wanaume wameinama kwenye mashindano, zuri lakini ni biashara. Halafu mchoro wa mwendesha baiskeli wa Boccioni, mchoraji wa Italia, 1913, ambapo mtu na chuma na hewa vimevunjwavunjwa vikachanganywa mpaka huoni kipi kimeishia wapi. Nililitazama muda mrefu. Kasi ipo, nguvu ipo, inakusukuma kabisa, lakini nikamwambia mjomba kwamba huyu hajasikia ndege hata mmoja njiani. Akasema ndiyo, huyu anashindana, na anayeshindana haangalii miti.

Afu akanionyesha Feininger, mchoraji wa Kimarekani aliyeishi Ujerumani, na huyu ndo aliyenikaa. Mwaka 1912 alichora mashindano ya baiskeli, watu wameinama wote upande mmoja, makali matupu, pembe tupu, ukipita haraka utasema ni ndugu wa ile ya Boccioni. Kumbe kabla ya hapo alikuwa mchora katuni wa magazeti kama mjomba tu, mwaka 1906 alikuwa na kurasa zake za katuni kwenye gazeti la Chicago. Na akiwa Ujerumani alikuwa anapanda baiskeli yake anatoka mji wa Weimar anazunguka vijiji vya jirani kama Gelmeroda, anachora makanisa na mashamba, anarudi. Mjomba aliposema hivyo nilimuona amefurahi, naona alijisikia ana mwenzake, mtu mwingine aliyewahi kuweka daftari kwenye goti pembeni ya baiskeli iliyolazwa.

Walioshika furaha yenyewe, kwa maoni yangu, ni wale wa kalamu ya wino. Frank Patterson wa Uingereza alianza kuchorea gazeti la Cycling mwaka 1893, na ukiangalia miaka utaelewa kwa nini wakati ule, baiskeli ya Mwingereza Starley yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na cheni nyuma ilitoka 1885, tairi za upepo za Dunlop 1888, yaani ndo kwanza mtu wa kawaida anaweza kutoka mjini akafika kijijini bila mifupa kugongana, na Patterson yuko hapo na wino wake. Kwenye michoro yake mara nyingi hakuna hata anayeendesha. Baiskeli imeegemea geti, mwenyewe amekaa anaangalia bonde, miti mikubwa imechorwa kwa vistari vingi vidogo. Nikamwambia mjomba hapa hakuna kasi, furaha iko wapi, akanijibu, "Iko kwenye miguu ya huyo aliyekaa. Miguu iliyochoka vizuri haikai kama iliyochoka vibaya." Nikaitazama na kweli, imenyooka, visigino vimeachia.

Na Sempé, mchora katuni Mfaransa, aliyefariki 2022 akiwa na umri wa miaka 89, yeye anafanya kinyume na wote, anamfanya mtu mdogo. Mdogo kabisa, kinukta chenye baiskeli, na juu yake miti ya ajabu na anga lisiloisha. Unajua anafurahi na uso wake hata huuoni, ni mgongo ulionyooka kidogo tu na kichwa kimeinuliwa. Nikiwa kwenye ule msitu ndo hivyo nilivyojisikia, mdogo, na udogo wenyewe ulikuwa mtamu, hakuna anayenitaka kitu, miti inaendelea na shughuli zake nami napita.

Usiku ule mjomba akachora upya kwa wino. Nilikaa naye. Mtoto akawa mdogo kuliko mwanzo, katikati ya mteremko uliosimama, anaonekana kwa nyuma, miguu imetawanyika, shati limevimba, spoku chache chini na ukungu juu, mwanya wa kivuli, nyasi zimelala upande aliopitia na mbele yake zimesimama bado. Yale mabaka ya jua aliyaacha karatasi tupu nyeupe, hakuyachora, alichora giza la pembeni yake tu. Ndege alimtoa. Jua la kwenye kona alilitoa pia, na hilo lilimuuma kidogo, alishazoea kuliweka.

Mhariri alipoiona akaipenda ila akauliza uso uko wapi, watoto wanapenda kuona uso, si angeongeza hata kijishavu cha pembeni kinachotabasamu. Nilikuwepo, simu iliwekwa spika. Mjomba akamjibu kwa heshima zote kwamba uso haupo kwa sababu nafasi ya uso ni ya mtoto anayesoma, yeye ndo anaendesha. Wakavutana, mjomba hakupandisha sauti wala hakukubali, na mwisho ikachapwa hivyohivyo, mgongo mtupu.

Wiki iliyofuata akanigongea mlango alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia zote tope, na yeye anataka kuona tope linavyoruka kutoka tairi la nyuma, linatoka wapi kwenye duara na linamfikia mpandaji wapi mgongoni. "Vaa shati jeupe, mjomba," akasema. Nikavaa, tukatoa baiskeli.